Nilivyotua Butembo na Mbuzi wa Mama Mkwe

Mimi ndiye mtu wa kwanza wa mtaa wetu wa Beu kuongoza ndege. Nasema hivyo bila haya, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu hakuna aliyenibeba mgongoni kufika huko. Baba yangu alilima mihogo na kukamua mawese. Mimi nilitoka Beni kijana, juu ya lori la mbao, nikaenda mpaka Nairobi, nikaosha ndege za wenyewe kwenye kiwanja kidogo huku nikilala katika chumba cha vifaa. Nilianza na kitambaa cha kufutia mafuta, nikamaliza na diploma ya ufundi wa ndege yenye muhuri mwekundu. Leo imetundikwa sebuleni kwangu Mulekera, na wageni huisoma kabla ya kukaa. Asiyeisoma, namsomea.

Nilirudi nyumbani wakati wa vita. Pale mpakani Kasindi nilikuwa naingia na sanduku langu, na watu wengine wote walikuwa wakinipita wakitoka, na magodoro yao kichwani. Askari mmoja wa waasi alifungua diploma yangu, akaitazama kichwa chini miguu juu, akaniuliza kwa huruma:

"Docteur, unapotea njia?"

"Hapana, chef. Niko narudi kwetu."

Alinipisha kama mtu anayempisha mgonjwa.

Lakini mimi nilikuwa nimefanya hesabu yangu. Barabara kati ya Beni na Butembo, ambayo lori zuri huimaliza asubuhi moja wakati wa kiangazi, ilikuwa imefungwa. Mara vijana wa msituni wameweka kizuizi, mara askari wamewafukuza na kuweka chao. Bidhaa zilikwama pande zote mbili. Na barabara zinapofungwa, watu wa Butembo hawalii, wanatafuta pa kupitia. Walipata hewani. Ndege ndogo zilianza kuruka juu ya vile vilima kama mabasi, na kila ndege ndogo inahitaji fundi. Nilipata kazi wiki ileile niliyofika.

Mwenye kuongoza ndege niliyoitengeneza alikuwa kapiteni mmoja mzee wa Kinshasa. Vita vilipoikata nchi vipande, yeye alibaki upande wetu na ndege ya injini moja ya mfanyabiashara wa Butembo, kama abiria aliyeshuka kununua ndizi gari likamwacha. Alisema Kifaransa, Kilingala, na Kiswahili alichojitengenezea mwenyewe. Aliniita Diplômé. Siku moja nilikuwa nimefunga injini vizuri mpaka inaimba, akaniambia:

"Diplômé, unajua kufungua moteur, unajua kuifunga, mais kuipeleka juu hapana? Panda."

Nikapanda. Ndivyo masomo yangu ya urubani yalivyoanza, na nilikuwa mwanafunzi mzuri kuliko wote aliowahi kufundisha. Aliniambia hivyo mwenyewe, ingawa mara moja tu.

Lazima nieleze jinsi masomo hayo yalivyokuwa, kwa sababu hayakufanana na ya Nairobi. Kule mwanafunzi hupaa na ndege tupu, anazunguka, anatua, anapaa tena. Kwetu, kwa mfanyabiashara wa Butembo, ndege tupu ni dhambi. Kila somo lilikuwa na mzigo. Nilijifunza kupinda kushoto na sabuni, kupinda kulia na mchele. Nilijifunza kupunguza mwendo huku samaki wa chumvi akininukia shingoni. Kapiteni alikaa kulia kwangu akinifundisha, na nyuma yetu kulikuwa na duka.

Kiwanja cha Butembo nacho si cha kila mtu. Kiko juu ya kilima, udongo mwekundu, na kimeinama. Ndege hutua ikipanda mlima na huruka ikiteremka. Asubuhi kuna ukungu, mchana kuna mvua, na katikati kuna nafasi nyembamba ya kufanyia kazi. Pembeni watu wamelima mpaka ukingoni kabisa: viazi, maharage, vitunguu, na hasa kabichi.

Shamba moja la kabichi upande wa kushoto lilikuwa la mama wa msichana niliyetaka kumuoa.

Msichana mwenyewe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mwimbaji wa kwaya, na alikuwa na ulimi mkali kuliko wembe wangu. Wao walikuwa Waprotestanti, sisi Wakatoliki. Hilo lilikwisha kuzungumzwa na kunywewa chai. Kilichobaki kilikuwa baba yake. Alikuwa na duka la vitenge mjini, na siku niliyokwenda kujitambulisha pamoja na shangazi yangu, aliendelea kupima kitambaa kwa mkono wake mrefu huku akinihoji.

"Weye ni mutu wa kazi gani?"

"Rubani, baba. Niko namaliza kujifunza."

"Na rubani anaishi wapi?"

"Chini, baba. Kama batu bote."

Hakucheka. Alikunja kitambaa, akakiweka juu ya vingine.

"Kupanda si kazi. Hata moshi inapanda. Mimi binti yangu sitamupa mutu nisiyemuona akishuka. Utashuka hapa Butembo, mbele ya macho yangu, kwa mikono yako. Si ya ule muzee wa Kinshasa. Yako."

"Ndiyo, baba."

"Ule muzee aweke mikono mahali naiona."

Kisha akataja, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba kulikuwa na bwana mmoja wa kahawa mwenye malori, mtu ambaye kazi yake yote iko ardhini, na bwana huyo naye alikuwa akingoja jibu. Nilitoka dukani nikijua vizuri kabisa hali yangu. Nikitua sawasawa, nina mke. Nisipotua sawasawa, kuna malori.

Kapiteni nilipomweleza alicheka mpaka akashika bawa la ndege.

"Donc, nifunge mikono? Nitaifunga. Namupa parole d'honneur, neno la heshima yangu."

Sasa, kwetu Wanande mahari ni mbuzi. Mbuzi zetu karibu zote zilikuwa zimekwisha kwenda Butembo kwa miguu kabla barabara haijafungwa. Alibaki mmoja, na huyo mmoja ndiye mkubwa kuliko wote: mbuzi wa mama. Ni jike asiye na kasoro, anapelekwa na shangazi wa bwana harusi, na anakabidhiwa mkono kwa mkono. Bila huyo, wale wengine wote wanahesabika kama wageni waliopotea. Shangazi yangu alimtafuta mpaka Mangina, akapata mweupe mwenye masikio meusi, mnene, mwenye macho ya dharau. Ikakubaliwa kwamba siku moja itafanya kazi mbili: nitatua mbele ya baba mkwe, na shangazi atashuka na mbuzi wa mama mkwe.

Habari ilipelekwa kwa fonia, ile redio ambayo miji yote miwili ilisikiliza, maana simu hazikuwepo. Nilizungumza na mchumba wangu, na kila mwenye duka alikuwa akitusikia. Kwenye fonia ukimpa mwenzako zamu unasema À toi au À vous, na ukimaliza unasema Terminé.

"Tutakuja kesho, ukungu ukitoka. À toi."

"Nimesikia," alisema. "Ukishuka mubaya, nitacheka mbele ya batu bote. Terminé."

Sauti nyingine ikaingia katikati, nzito, ya mnunuzi fulani wa samaki tusiyemjua:

"Shuka muzuri, mukwe wa batu! Terminé."

Asubuhi yake, pale kiwanjani Beni, nilipima kila kitu kwenye mizani ya kahawa: dumu la mawese, mafungu ya ndizi, shangazi, mbuzi. Fundi mwenye diploma hakisii uzito. Tulikuwa tumeng'oa kiti kimoja cha nyuma ili mbuzi apate nafasi karibu na kiti cha shangazi. Nilichukua kamba, nikainama kufunga miguu ya mnyama. Shangazi akanipiga mkononi.

"Unafanya nini?"

"Shangazi, mbuzi afungwe miguu. Ndeke si lori."

"Mbuzi ya soko ndiyo banafunga miguu. Mbuzi ya mama anaingia akitembea. Weye ulisoma wapi kufunga miguu mbuzi ya mama?"

"Nairobi, shangazi."

"Nairobi banaoa na mbuzi?"

"Hapana."

"Basi nyamaza."

Kapiteni alikuwa ameegemea bawa, anatabasamu. "Diplômé, leo commandant de bord, mkubwa wa ndege, ni shangazi yako."

Tukapatana. Miguu itakuwa huru, lakini nitamfunga kamba fupi shingoni na kuikaza kwenye chuma cha sakafu. Nilifunga fundo la kifundi, lile la kufungia injini inapoinuliwa. Na ieleweke vizuri hapa, kwa sababu Butembo wapo wanaoeleza vingine: fundo langu halikufunguka. Lilifunguliwa.

Tulipaa vizuri sana. Msitu ulikuwa chini kama mboga iliyokatwa, halafu vilima vikaanza kuinuka, na moshi wa mashamba, na mabati yaking'aa. Shangazi alikuwa hajawahi kupanda ndege. Mwanzo alifumba macho na rozari yake. Baadaye alifumbua jicho moja, halafu la pili, halafu akaanza kulaumu mapaa ya watu yaliyooza. Mbuzi alitafuna jani la mahindi na kututazama migongo.

Nilipita kwanza chini chini juu ya kiwanja, kama inavyotakiwa, ili watu watoke njiani. Kiwanja kile kilikuwa pia barabara, soko na malisho. Watu walikimbilia pembeni wakipunga mikono. Niliona kwaya, wote na vitenge vya aina moja. Niliona baba mkwe, koti jeusi na kofia, mikono nyuma. Niliona mama mkwe akisimama kando ya kabichi zake. Nikazunguka, nikajipanga, nikapunguza mwendo. Kapiteni alifunga mikono yake kifuani, akaisogeza karibu na dirisha ili ionekane vizuri kutoka nje.

"Niko statue, sanamu," alisema. "Shuka."

Nilishuka kama nilivyofundishwa. Nataka wasomaji wangu wajue kwamba mpaka pale, hakuna rubani angenikosoa. Kilima kilikuwa kinakuja mahali pake, mwendo ulikuwa sawa, magurudumu yalikuwa yanatafuta udongo mwekundu. Nyuma yangu nilisikia shangazi akisema kwa upole:

"Simama muzuri, mama. Sasa tunafika kwa benyewe."

Nilidhani anajitia moyo. Kumbe alikuwa anamvisha mbuzi. Aliona haifai mbuzi wa mama kutoka mlangoni na kamba ya soko, kwa hiyo alikuwa amefungua fundo langu, kwa meno kama sikosei, na alikuwa akimfunga shingoni utepe wa kitenge kipya na kamba ya mkonge iliyosukwa nyumbani. Hakuna shule ya urubani duniani inayomfundisha mwanafunzi kwamba wakati wa kutua, nyuma yake, mtu anaweza kuwa anamvalisha bibi harusi mwenye pembe.

Niliinua pua ya ndege kidogo, kama inavyotakiwa. Mbuzi akaona mbele kuna mwanga na majani mabichi, akaja.

Kwato za mbele zilikanyaga bega la kapiteni. Kifua cha mbuzi kilisukuma kiwiko changu, na mkono huohuo ulikuwa umeshika wenzo wa mafuta. Injini ikanguruma. Ndege, ambayo ilikuwa karibu kukaa, ikabadili mawazo, ikaelea. Ndevu za mbuzi zilikuwa machoni kwangu. Nilirudisha mafuta, tukagusa chini, tukaruka, tukagusa tena upande wa kushoto, na upande wa kushoto ulikuwa umekwisha.

"Kapiteni!" nilipiga kelele.

"Parole d'honneur!" alijibu chini ya tumbo la mbuzi, na mikono yake haikutoka kifuani.

Tuliingia kwenye kabichi. Mkono wangu ulizima injini kabla kichwa changu hakijaamua, na hiyo ndiyo kazi ya diploma. Panga la mbele lilikuwa linazunguka mizunguko yake ya mwisho, likakata kabichi vipande vyembamba kama vya saladi, likasimama. Gurudumu la mbele likazama kwenye udongo laini. Ndege ikainamisha pua polepole, kwa adabu, kama mtu anayesalimia wakwe.

 Jani moja kubwa la kabichi lilikuwa limenata kwenye kioo. Mbuzi alikuwa amelala mapajani kwa kapiteni.

"Anaona?" kapiteni aliniuliza, akielekeza kidevu dirishani, kwa baba mkwe. "Mikono bado imefungwa. Anaona?"

Na shangazi kutoka nyuma, akinyoosha kilemba chake:

"Tumefika?"

Mlango ulipofunguliwa mbuzi alitoka wa kwanza, na utepe wake shingoni, akasimama juu ya tuta, akaanza kula. Shangazi alitoka wa pili, akashika kamba ya mkonge, akapiga kigelegele kirefu. Kwaya ilikuwa haijui kama inatakiwa kuimba au kuomboleza. Iliposikia kigelegele, ikaimba. Askari mmoja wa kulinda kiwanja alituita kwa Kilingala kutoka mbali: "Eh, pilote! Piste eza awa!" Yaani, kiwanja kiko huku. Watu walicheka. Na katikati ya kwaya nilimuona mchumba wangu, ameshika mdomo kwa mikono miwili, mabega yanatikisika. Alikuwa mtu wa kutimiza ahadi.

Mama mkwe alikuja taratibu. Kwa heshima hakunitazama mimi, maana kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani ovyo. Alimtazama mbuzi. Alimshika masikio, akafungua mdomo wake, akapapasa miguu mmoja mmoja, akamtembeza hatua chache. Mbuzi alitembea vizuri, anatafuna.

"Anakula kabichi yangu mbele ya kunisalimia," mama mkwe alisema.

"Ni mbuzi wa heshima," shangazi alijibu bila kusita. "Anaonja kwanza kama chakula cha benyewe ni kizuri."

Mama mkwe alipokea kamba. Mkono kwa mkono. Lile likawa limekwisha. Kisha akageukia mfereji ambao magurudumu yangu yalikuwa yamechimba katikati ya shamba lake.

"Na huyu, nani alimuita kwa shamba yangu?"

Swali hilo halikuwa la utani. Kwetu, mkwe haingii shamba la mama mkwe mpaka aitwe kulima. Ni siku yake maalumu, anakuja na jembe na rafiki zake, na watu wanatazama mgongo wake unavyofanya kazi. Mimi nilikuwa nimeingia kabla ya kuitwa, na nilikuwa nimeingia na ndege.

Shangazi alifikiri kidogo. "Hapana mutu alimuita. Alikuwa na haraka."

"Basi kama ashaingia, alime," alisema mama mkwe, akaondoka na mbuzi wake.

Nikabaki na baba mkwe. Alikuwa amekuja mpaka mwisho wa udongo mwekundu, hakukanyaga shamba. Alitazama ndege iliyoinama, akanitazama mimi.

"Ile nayo unaita kushuka?"

"Baba, batu bote beko chini. Mbuzi iko chini. Kule juu hapana mutu alibakia."

Watu walicheka sana. Hata askari alicheka. Baba mkwe hakucheka.

"Mimi niliona mbuzi ikishusha ndeke. Weye bado sijakuona. Utashuka tena." Akaweka kofia yake sawa. "Na bwana ya kahawa nitamuambia angoje kidogo. Kidogo."

Hapo kicheko changu kilikauka. Lakini mimi si mtu wa kukaa chini. Tairi la mbele lilikuwa limepasuka na mguu wake wa chuma ulikuwa umepinda, na Butembo nzima hakuna aliyewahi kunyoosha chuma cha ndege. Tairi lililetwa kutoka Beni na ndege nyingine. Ule mguu niliupeleka kwenye gereji ya malori mjini, nikaunyoosha kwa jeki na moto, nikiupima kwa uzi kila mara, mpaka kapiteni alipouzunguka, akaugonga kwa spana, akausikiliza, akasema: "Ça va." Mtu huyo hakuwa anasema ça va kwa huruma. Mafundi wa gereji waliacha kazi kunitazama. Nadhani wengine bado wanaeleza siku hizo.

Nililala parokiani, na kila asubuhi, ukungu ukiwa bado haujatoka, nilikuwa shambani na jembe. Nililima mfereji wangu wote, nikasawazisha matuta, nikapanda miche mipya. Mama mkwe alikuwa anaacha chakula ukingoni, kimefunikwa na jani la mgomba, halafu anaondoka kabla sijageuka. Mwanzo kilikuwa kiazi kitamu. Siku za mwisho kilikuwa bundu, ule ugali wetu wa muhogo, pamoja na nyama, na nilielewa kwamba upande wa mama mambo yanakwenda vizuri.

Mchumba wangu alipita njiani kuelekea shule, madaftari chini ya kwapa. Alisimama, akatazama mistari yangu ya kabichi.

"Hii mistari imenyooka kuliko ya ndeke."

"Hapa hakuna mbuzi."

"Papa anasema siku ya kwenda Beni atapanda na weye."

Jembe lilisimama lenyewe. "Atapanda? Yeye?"

"Anasema kutoka chini hakuona muzuri." Akaanza kuondoka, kisha akageuka, na safari hii hakuwa anacheka. "Na jana bwana ya kahawa alikuja tena kwetu. Shuka muzuri. Tafazali."

Neno hilo, tafazali, halikuwa neno lake la kawaida. Nililima mpaka jua likawa kali.

Siku ya kuondoka baba mkwe alikuja na koti lake, kofia yake, na mafurushi ya vitenge vya kuuza Beni, maana hata kwa mtihani wa mkwe ndege haiendi tupu. Tulikuwa hatujarudisha kile kiti tulichong'oa. Nilitaka kumpa nafasi ya shangazi. Akakataa.

"Mbuzi alikaa wapi?"

"Pale, baba. Kwa sakafu."

"Nitakaa pale. Nataka kuona kile yeye aliona."

Akakaa juu ya furushi la vitenge, magoti juu. Nilichukua mkanda, nikaupitisha kiunoni mwake, nikaukaza kwenye chuma kilekile cha sakafu. Shangazi, ambaye alikuwa anarudi nasi, alikuwa amekaa kitini kwake akitazama kazi yangu.

"Shangazi," nilimwambia, "huyu usimufungue."

"Nimufungue kwa nini? Amevaa muzuri."

Tulitua Beni kama manyoya. Kile ni kiwanja kirefu na tambarare, na niligusa chini bila hata kumwamsha shangazi. Niligeuka nyuma nikitegemea kuona uso wa baba mkwe umelainika. Alikuwa anahesabu mafurushi yake.

"Huku kila mutu anashuka," alisema. "Wachukue vitenge. Turudi kwetu."

Tukapakia mawese, tukarudi, yeye akiwa amekaa palepale pa mbuzi.  Juu ya Butembo mawingu ya mchana yalikuwa yameanza kujikusanya, nafasi yetu nyembamba ilikuwa inafungwa. Nilipita juu ya kiwanja mara moja. Watu wakatoka. Kwaya haikuwepo, ilikuwa siku ya kazi. Alikuwepo mama mkwe peke yake, ameinama kwenye kabichi, na aliposikia injini alisimama wima, akashika jembe mbele yake kwa mikono miwili kama mtu anayelinda mlango.

Nilijipanga. Kapiteni alitazama saa yake, akatazama mawingu, akafunga mikono kifuani. Baba mkwe aliinua shingo na kuangalia kati ya mabega yetu, mahali hasa ambapo kichwa cha mbuzi kilipita. Nilisikia pumzi yake karibu na sikio langu. Upepo ulitusukuma kushoto, kuelekea miche yangu, na mguu wangu ukairudisha ndege. Upepo ukasukuma tena. Nikairudisha tena. Sikufikiri malori, sikufikiri diploma. Nilifikiri ile mistari niliyoipanda kwa mikono yangu, na kwamba mimi peke yangu katika Butembo yote ndiye niliyejua jasho lake.

Magurudumu ya nyuma yakagusa. Halafu la mbele, lile la moto na jeki, likakaa chini taratibu, likashika udongo mwekundu katikati kabisa ya kiwanja. Tukapanda kilima tukipunguza mwendo mpaka juu, nikageuza, nikazima.

Kapiteni alifungua mikono yake, akaipiga pamoja mara moja.  Alikuwa anangoja kama mimi.

"Nifungue," alisema baba mkwe.

Nilimfungua. Alishuka, akanyoosha koti, akaanza kuteremka kiwanja kwa miguu, peke yake, akifuata alama za matairi yangu mpaka mahali zilipoanzia. Huko alisimama. Kisha akaenda ukingoni mwa shamba, akatazama miche, tuta baada ya tuta. Hakuna hata jani lililoguswa. Mama mkwe alikuwa bado ameshika jembe.

Sauti ya baba mkwe, ile ya dukani, ilifika mpaka juu kilimani, kwangu.

"Mama! Mukwe yako ashashuka."

Mukwe yako. Hakuwahi kuniita hivyo. Kapiteni alinipiga kofi mgongoni mpaka nikakohoa, na mvua ikaanza kunyesha.

Jioni hiyo baba mkwe aliingia mwenyewe kwenye kibanda cha fonia, na miji miwili ikamsikia akimtafuta bwana wa kahawa. Alikuwa mtu wa maneno machache, hata kwa kulipia. Alisema tu kwamba jibu limepatikana, kijana ameshuka, na wenye malori waendelee na malori yao kwa amani. Terminé. Mchumba wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni pamoja nami tukijikinga mvua, alishika mkono wangu.

Halafu ile sauti nzito ya mnunuzi tusiyemjua ikaingia, imechangamka:

"Tulisikia! Félicitations, mukwe wa batu! Na mbuzi, yeye, ashapona? À vous!"